Inspekta Asiyeweza Kuvuka Mlango

Kapmoiwet
3 Machi 1996

Kwako Senge Chepngetich, shangazi yangu,

Chamgei, salamu nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii! Huko Merigi mnaendeleaje? Mumeo Robert ameacha kukohoa? Ng'ombe amezaa?

Mimi ni mzima, mzima kupita kiasi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mume wangu (Senge, bado nacheka peke yangu nikiandika "mume wangu") anasoma kila ninachoandika, na mimi sina siri naye. Sasa hivi amekaa karibu yangu ananichongea penseli. Naandika kwa kalamu ya wino, lakini ameamua kuchonga, na sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Watu wake wamenipokea vizuri. Unajua Wakisii mama humwita "baba," na baba humwita "tata". Wiki ya kwanza mume wangu Omariba aliniambia nimpelekee baba uji, nikampelekea mzee. Mzee Nyang'au akaupokea, akautazama, akaunywa wote bila neno, na mama mkwe, Mama Bosibori, akakaa na njaa mpaka saa nne. Ndivyo alivyo baba mkwe wangu, haongei.

Sasa jambo lenyewe. Senge, tunajenga! Mzee ametukatia robo ekari ya chai yake. Lakini baraza la mji lilipovuta mpaka wake, ile chai ikajikuta ndani ya mji, na ndani ya mji hujengi nyumba shambani mpaka kamati ya mipango ikubali kuligeuza shamba kuwa makao ya watu. Tulipeleka ombi Januari, hata kabla ya harusi. Madiwani sita walikuja wakasimama katikati ya michai, wakatazama kushoto, wakatazama kulia, mmoja akachuma majani mawili akayanusa. Juzi wametukubalia!

Kuna masharti. Nyumba ikaguliwe mara tatu: msingi, linta juu ya milango na madirisha, na siku inapoisha. Cheti cha kukaa kitiwe sahihi kabla ya tarehe thelathini Novemba. Tukichelewa, idhini inakufa, shamba linarudi kuwa la chai, na nyumba inachorwa X nyekundu na kubomolewa.

Na baraza letu lina inspekta wa majengo mmoja tu. Umekisia? Ni Mzee Nyang'au! Mwenyekiti wa kamati, Diwani Kipkosgei, hakufurahi. Alisema, "Kijana ajenge, baba akague? Hiyo ni mshtakiwa na hakimu kula sahani moja." Mzee akajibu maneno matano: "Nyumba yenyewe ndiyo itasema. Andikeni." Wote wanajua kwamba alichora X kwa kibanda cha ndugu yake wa tumbo moja, na huyo ndugu hajamsalimu mwaka wa pili huu.

Kwa sasa tunakaa kwa kile chumba cha Omariba cha ujana, nyuma ya jiko la mama yake. Kinavuja mahali pane. Lakini tukiwa wawili hata mvua ni muziki.

Mpwa wako mwenye bahati,
Chelimo

*

Merigi
24 Machi 1996

Chelimo,

Barua ilifika. Robert anakohoa. Ng'ombe amezaa, dume. Hayo ndiyo majibu.

Omariba, hujambo. Kwa kuwa unasoma, nakusalimu moja kwa moja ili usione kama unachungulia.

Nimefurahi kwamba mnajenga. Mvua si muziki, mtoto wangu. Mvua ni kikohozi, muulize Robert. Jengeni haraka, lakini mfuate karatasi. Mzee asiyeongea ndiye wa kuogopa. Anayepiga kelele akimaliza amemaliza.

Mimi ni kazi tu. Shule zinataka sare na cherehani haipoi.

Kuna jambo dogo. Hapa sokoni nina jirani. Ni jirani tu. Ameongeza veranda mbele ya duka lake, futi nne kuelekea barabara, mahali pa wateja kukaa na pa kupata mwanga, maana ndani ni giza na uzi mweusi hauonekani. Sasa watu wa baraza la huku wamepita na kitabu wakiandika. Hebu muulize baba mkwe wako, futi nne ni kosa? Usitaje Merigi. Usinitaje mimi. Sema ni jirani.

Omariba, wewe pia.

Senge yako

*

Kapmoiwet
16 Juni 1996

Senge wangu wa pekee,

Umelalaje, umeamkaje, na yule ndama ameanza kuruka? Hapa Mama Bosibori amenifundisha kupika mboga za kikwao, chungu mpaka machozi, na Omariba anakula sahani mbili akinitazama, kwa hiyo nami nakula.

Nyumba imefika linta! Msingi ulipita, kuta zimepita, ingawa si kwa urahisi. Mzee alikuja na tepu yake ya chuma na fomu yake, akaingia kila chumba, akapiga magoti kila kona. Kona moja ya msingi ilikuwa imepinda inchi moja. Akasema, "Vunja." Fundi Okeyo akashika kiuno: "Mzee wangu, hii ni nyumba ya kijana yako, si ya adui yako!" Mzee akamwambia, "Ndiyo sababu." Okeyo akavunja, akajenga tena, akiimba nyimbo za mazishi siku nzima.

Omariba anatoka kituo cha kununua majani chai jioni, bado na vumbi la chai kwa nywele, na anakuja moja kwa moja kubeba mawe. Nikimwona akibeba jiwe, Senge, natamani kuwa jiwe.

Nilimuuliza mzee habari ya jirani yako. Alikunywa chai yake yote kwanza. Kisha akasema: "Futi nne kwenye ardhi ya barabara? Huyo jirani avunje mwenyewe kabla hajavunjiwa. Na aache kujificha nyuma ya jirani." Hapo mwisho sikuelewa alimaanisha nini. Labda wewe utaelewa.

Wako katika furaha,
Chelimo

*

Merigi
7 Julai 1996

Chelimo,

Sote wazima. Ndama anaruka.

Jirani amepata ujumbe. Amesema asante. Amesema pia kwamba ni ajabu mtu kuhukumu veranda ambayo hajaiona, tena veranda nzuri, yenye nguzo mpya na sakafu ya saruji. Amekasirika. Mimi simo.

Usimuulize tena.

Senge yako

*

Kapmoiwet
25 Agosti 1996

Senge mpendwa,

Natumaini baridi ya Agosti haijawafungia ndani. Hapa ukungu unakaa juu ya michai mpaka saa tatu, na Omariba akitembea ndani yake anaonekana nusu, kuanzia kiuno kwenda juu, kama picha ya pasipoti.

Nyumba imeisha! Mabati juu, milango ndani, madirisha na vioo! Chumba cha kulala nimekitia mapazia ya rangi ya maziwa yenye maua madogo ya zambarau. Nilifikiria kijani, lakini nje ni kijani kila upande, mtu atajuaje ndani ni wapi? Pazia la sebuleni lina utepe chini. Nimelishona kwa mkono, mishono midogo midogo kama ulivyonifundisha, na Omariba alishika upande wa pili usiburure, na tulicheka mpaka sindano ikapotea. Ya chumbani niliyafanya mazito zaidi kwa sababu jua linachomoza upande huo, na saa kumi na mbili na nusu linakupiga machoni kabisa. Likipita kwenye yale maua, ukuta wote unakuwa zambarau. Senge, hujawahi kuona kitu kizuri hivyo. Kuna pia kipazia cha jikoni, hicho nitakueleza barua nyingine, maana kinahitaji ukurasa wake.

Mzee alikuja Jumatatu kukagua mara ya mwisho. Hakuingia. Alifika mlangoni, akarudi. Labda alikuwa na haraka. Siku bado ni nyingi.

Je, nilikwambia utepe ni wa rangi gani? Ni zambarau pia.

Omariba anakusalimu. Leo hakusoma barua.

Chelimo

*

Merigi
8 Septemba 1996

Chelimo,

Tuko wazima, na sasa tuongee.

Mapazia umeyapa nusu ya barua. Mzee umempa sentensi nne fupi. Mtu aliyekaa miezi minane akisubiri cheti, inspekta arudie mlangoni, na yeye anaandika habari ya utepe?

Umesema jua linakupiga machoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Machoni, Chelimo. Macho yako yalikuwa yanafanya nini chumbani humo saa hiyo? Yalikwenda peke yake, yakakuacha wewe nyuma ya jiko la mama mkwe?

Nimeshonea wafanyakazi wa mashamba ya chai miaka kumi na miwili. Wakisii ni wateja wangu wakubwa. Najua mambo ya baba na nyumba ya mwanawe.

Mlilala? Jibu neno moja.

Senge yako

*

Kapmoiwet
29 Septemba 1996

Senge,

Ndiyo.

Nisamehe kwa kuanza hivi bila salamu. Hamjambo? Robert hajambo? Sasa nitakuambia yote.

Ilikuwa Jumapili moja tu. Mvua ilikuwa imeongeza mahali pa tano pa kuvuja, juu ya mto kabisa, upande wa Omariba. Akasema, "Chelimo, nyumba yetu iko pale, ina mlango, ina bati." Nikasema tusubiri ukaguzi. Akasema ukaguzi ni kesho. Nikasema haya. Tukawasha moto, tukachemsha chai ya kwanza ndani ya nyumba yetu, tukanywa kikombe kimoja kwa zamu. Siwezi kusema najuta. Nimejaribu kujuta, sikuweza.

Asubuhi nilikuwa nafungua pazia nikamwona mzee anakuja, tepu mkononi, fomu kwapani. Akafika mlangoni. Akaona viatu viwili vikubwa na viwili vidogo. Akaona moshi. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari juu, Senge, ulikuwa hewani! Akaurudisha chini taratibu kama mtu aliyeona nyoka, akageuka, akaenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara.

Omariba alimfuata. Nilisikia yote kutoka dirishani.

"Tata, rudi umalize."

"Moto umewashwa?"

"Umewashwa."

"Mmelala?"

Omariba akatazama vidole vya miguu yake.

"Basi hilo si jengo tena," mzee akasema. "Ni nyumba ya mwanangu. Siingii."

"Hata kikazi?"

"Kazi itaisha nikistaafu. Ubaba hautaisha."

Wao wanaita hiyo heshima chinsoni. Baba haingii kamwe mahali analala mwana wake na mkewe. Kama tungengoja siku moja, Senge! Siku moja! Angekagua, angetia sahihi, ndipo sisi tungeingia na yeye angebaki nje maisha yake yote kwa amani. Tangu siku hiyo ametuamuru tutoke, maana hatuna cheti. Tumerudi nyuma ya jiko. Mapazia yangu yanakaa katika ile nyumba peke yake, kama yatima.

Inspekta wa kuazima kutoka baraza lingine hapatikani mpaka barua itoke Nairobi, na Nairobi hawajibu kabla ya Krismasi. Mzee akaenda mbele ya kamati akasema ukweli wote, hata viatu alivitaja. Diwani Kipkosgei akamuuliza, "Sasa utakagua nyumba kutoka kwa fensi? Hiyo ni kukagua ama ni kuchunga ng'ombe?" Wakacheka wote. Mzee hakucheka. Alisema kama hawatapata njia, tarehe moja Desemba atakuja na rangi nyekundu mwenyewe. Nyumba ya mwanawe! Mama Bosibori hajampa chai ya saa kumi tangu siku hiyo.

Mwishowe kamati imeamua hivi: tarehe kumi na tisa Novemba wanakuja wote. Mzee atasimama nje ya fensi na fomu. Mtu mwingine ataingia, atapima, atataja kwa sauti, na mzee ataandika. Mtu huyo asiwe wa ukoo wa Nyang'au, asiwe fundi aliyejenga, na awe anajua tepu vizuri. Nikaruka juu! Nikasema, Senge yangu ni fundi cherehani, ameshika tepu miaka ishirini! Kamati imekubali jina lako.

Utakuja? Sema utakuja.

Chelimo wako, anayelala kati ya sufuria za kukinga mvua

*

Merigi
10 Oktoba 1996

Chelimo,

Wote wazima. Siji.

Kuna sare za shule. Kuna ng'ombe. Robert akiachwa peke yake anakula viazi baridi. Na nguo ya kwenda kusimama mbele ya madiwani sina, cha ajabu, mimi mshonaji.

Omariba, ruka aya inayofuata. Nenda ukaangalie mizani yako ya majani chai.

Chelimo, yule jirani ni mimi. Nafikiri watu wote walijua isipokuwa wewe. Watu wa baraza la huku wamenichorea X juu ya nguzo mpya. Kubwa kama cherehani. Sasa mimi, mwenye X mlangoni, nisimame mbele ya Mzee Nyang'au, ambaye alinijua kwa maneno mawili akiwa umbali wa wilaya moja, niseme mimi ndiye mwaminifu wa kupima nyumba za watu? Afadhali niwe mgonjwa.

Omariba, unaweza kurudi.

13 Oktoba. Sijaituma hii bado. Leo nimevunja veranda. Robert alishika nyundo, mimi nikashika lawama. Wateja sasa wanakaa kwenye magunia, na uzi mweusi sioni.

Nakuja. Nitafika tarehe kumi na nane. Usinipikie zile mboga chungu.

Senge yako

*

Kapmoiwet
20 Novemba 1996

Senge wangu,

Umefika salama? Kwa nini uliondoka bila kuaga? Nilikuwa jikoni na Mama Bosibori, kwa vile kamati ilikataza mwenye nyumba asikaribie, tukikaanga kuku wa madiwani. Nilikusikia ukitaja vipimo kwa ile sauti yako ya sokoni. Nikasikia watu wakipiga makofi! Nikamkumbatia mama mkwe wangu, naye ameshika mwiko wa mafuta, tazama doa la gauni langu. Halafu kukawa kimya. Nilipotoka, madiwani wanashika vichwa, Omariba ameketi chini, na wewe uko mbali barabarani na mkoba wako, unatembea kama mtu anayefukuzwa na mvua.

Fundi Okeyo aliniambia tu: "Imeanguka. Dirisha la chumba cha kulala. Inchi mbili." Inchi mbili, Senge! Kila kitu kilipita isipokuwa hilo!

Ni Kipkosgei. Najua ni yeye. Tangu mwanzo alitaka tuanguke ili aonekane anamchunga mzee. Lazima alisema neno, alimtisha mzee, au alikutisha wewe. Nilimnyima kuku. Nilimpa shingo.

Zimebaki siku kumi. Omariba anasema mengine utanieleza wewe mwenyewe, na nisiandike nikiwa na hasira, kwa hiyo nimeandika kwa herufi ndogo.

Niambie alifanya nini, nijue namna ya kumchukia.

Chelimo

*

Merigi
20 Novemba 1996

Chelimo,

Nimefika salama leo asubuhi, nililala njiani. Hii naiandika kabla sijavua viatu.

Sikuaga kwa sababu sikuweza kukutazama. Watu watakuambia mengi, acha nikuambie mimi. Dirisha lako halikuangushwa na mtu yeyote ila mimi.

Niliingia na tepu yangu ya kazini. Nikaanza mlangoni. Mzee kasimama kule nje ya fensi, amegeuza uso upande wa barabara asije akaona ndani, kalamu tayari. Nataja, anaandika. Sebule, futi kumi na mbili na inchi mbili. Jiko, futi nane na inchi mbili. Chumba cha kulala, futi kumi na inchi mbili. Dirisha la chumba, upana inchi thelathini na sita. Sheria yenu inataka thelathini na sita, hakuna pungufu. Hapo ndipo walipiga makofi. Hata Kipkosgei alipiga. Alisema, "Huyu mama ana sauti ya spika ya bunge."

Mzee akaanza kuisoma fomu yote kwa sauti ili kamati isikie kabla ya sahihi. Na inchi mbili. Na inchi mbili. Na inchi mbili. Mimi niko dirishani nasikiliza, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Fundi gani, Chelimo, anajenga nyumba ambayo kila kitu kimezidi inchi mbili sawasawa?

Ilikuwa ni mimi. Miaka ishirini nikipima kiuno cha mtu kikiwa thelathini, mdomo wangu unasema thelathini na mbili, kwa maana mshono utakula mbili. Siufikirii tena. Mdomo unaongeza wenyewe. Nyumba yenu nimeipima kama suruali.

Nikarudisha tepu kwa dirisha polepole, hakuna aliyekuwa akiniangalia. Thelathini na nne.

Vyumba vingetolewa mbili na bado vingepita. Dirisha tu halingepita. Mzee amefika chini ya fomu, kalamu imegusa karatasi. Ningenyamaza, leo mngekuwa mnalala kwenu. Sitasema sikufikiria kunyamaza. Nilifikiria vizuri sana, mpaka nikaona lile zambarau ukutani, kama ulivyosema.

Lakini nilimwona yule mzee. Ameelekeza uso juani, shingo imeganda, hajageuka hata mara moja kutazama nyumba ya mwanawe, na anaandika kila ninachosema kwa sababu anayesema ni mimi. Hana macho mengine humo ndani. Nikapaza sauti: "Mzee, ngoja! Usitie sahihi. Nimeongeza mshono."

Ilibidi nieleze. Kuwaeleza madiwani sita habari ya suruali si kazi rahisi. Kipkosgei hakusema kitu, msimlaumu. Mzee alikata kila namba, akaandika upya, na alipofika kwa dirisha akaandika "halijafika". Kisha akasema, bila kugeuka, "Asante, jirani."

Nikachukua mkoba.

Omariba, pole sana. Sikurukishi aya safari hii. Soma yote.

Senge yako

*

Kapmoiwet
8 Desemba 1996

Senge wangu, Senge wa kweli,

Salamu kwako, kwa Robert, kwa ndama na kwa magunia ya wateja! Barua zetu zilipishana njiani. Nilikukasirikia kwa muda wa kuchemsha sufuria ya chai. Omariba alisoma ukurasa wako wa mwisho mara mbili, akaukunja, akauweka ndani ya Biblia yake, na nilipoona hivyo hasira ikaisha. Diwani Kipkosgei nimempelekea paja. Alishangaa, lakini alilipokea.

Sasa sikiliza. Jioni ile Okeyo alisema dirisha kubwa si shida, seremala atatengeneza fremu mpya ya inchi thelathini na saba. Shida ni nani atalipima. Kamati haikutani tena kabla ya mwaka mpya, wewe umerudi, na mzee hasogelei dirisha la chumba cha kulala cha mkaza mwana hata umwambie lina dhahabu. Tukakaa kama wafiwa. Mama Bosibori alikuwa anachambua mboga. Bila kuinua kichwa akasema, "Inspekta hawezi kwenda kwa dirisha. Na dirisha nalo halina miguu? Libebwe."

Senge, libebwe!

Alhamisi tarehe ishirini na nane, Okeyo na Omariba walibeba fremu mpya, na kioo chake, wakaipeleka mpaka barabarani. Mzee akaiegemeza kwenye lile jiwe, akaipima na tepu yake ya chuma mara tatu. Thelathini na saba. Kipkosgei alikuwa amekuja na mwavuli. Akasema, "Hili ni dirisha la barabarani. Nitajuaje ndilo litakaloingia ukutani?" Na kusema kweli aliuliza vizuri. Mzee akafungua ule mkebe wake wa rangi, ule ambao mji wote unaukimbia, akapiga mstari mmoja mwekundu juu ya fremu. Halafu sote tukasimama barabarani, na mzee aliyeipa nyumba mgongo, na diwani, na watu waliotoka sokoni kutazama, mpaka Okeyo akamaliza kuitia ukutani na mstari ukaonekana wazi kutoka pale tuliposimama. Kipkosgei akasema, "Sina la zaidi." Mzee akatia sahihi juu ya goti lake.

Okeyo alitaka kuukwangua ule mstari. Nimemkataza. Hakuna nyumba nyingine Kapmoiwet yenye rangi ya mzee na ambayo bado imesimama.

Tumehamia! Kwa haki, kwa cheti, kwa mhuri! Kitu cha kwanza Omariba alichoingiza ndani ni mimi, nikapiga kelele, na kitu cha pili ni meza. Jua linaingia zaidi kuliko zamani, na mapazia hayatoshi upana. Yamepungua inchi tatu. Utakuja kuyarekebisha, na safari hii ongeza mshono wote unaotaka.

Jioni ya kwanza mzee alipita na maziwa. Aliyaacha kwenye nguzo ya lango, akapiga kikohozi kimoja ili tujue, kama atakavyofanya langoni hapo miaka yote. Omariba akatoka mbio kumlaki. Alikuwa na furaha mpaka akasahau chinsoni.

"Tata! Unaionaje nyumba yetu?"

Mzee alikuwa ametazama barabara, kama kawaida. Akayasogeza maziwa yasianguke. Senge, nilikuwa nyuma ya pazia, na nilimwona akitabasamu upande ule ambao mwanawe hakuweza kuuona.

"Nimeambiwa ni nzuri," akasema.

Chelimo wa Omariba,
nyumbani kwake